Jinsi ya kufuatilia kazi ya DC (mkuu wa wilaya) wa mkoloni kule NFD (Northern Frontier District, kaskazini mwa Kenya)

Kama unataka kujua afisa fulani wa Mwingereza alifanya nini kaskazini mwa Kenya, usianze na sifa alizoandikiwa alipokufa, anza na Gazeti la Serikali, maana uteuzi na uhamisho wao ulichapishwa humo, we andika tu tarehe na kituo, Wajir, Moyale, Mandera, mpaka mfuatano ukae sawa. Chukua Vincent Glenday: alisimamia NFD miaka ya 1930, akawa gavana wa Somaliland ya Mwingereza 1939, halafu Residenti (mwakilishi mkuu wa Mwingereza) wa Zanzibar 1946 hadi 1951. Kwa hiyo huyo utamtafuta pia kwenye Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

Ukishapata tarehe nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue Nairobi, uombe ripoti za makabidhiano. Hizo ndo zenye utamu, DC anayeondoka anamwachia mwenzake habari za visima, mipaka ya malisho, wazee gani wa kusikilizwa. Soma pole pole jamani. Ukikuta faini ya ngamia, jiulize walichukuliwa kwa nani, kisha watafute wazee wa ukoo huo wakusimulie, kwa sababu ile adhabu ya pamoja, yaani ukoo mzima kutozwa kwa kosa la wachache, iliwaangukia hata wasiokosa na faili haitakwambia walilala njaa.