Hesabu chupa kwanza: kufuatilia bakteria wa damu na uti wa mgongo katika wodi ya watoto

Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, huku Pwani ya Kenya, ilipeleka ripoti kaunti: nyumokoka, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, kwenye damu za watoto imepungua kwa nusu. Watu wakapeana mikono, chanjo inafanya kazi. Nilipofungua daftari la maabara nikakuta kilichopungua ni chupa, zile za kuoteshea bakteria walio kwenye damu. Zilikwisha stoo miezi mitano na hakuna damu iliyooteshwa. Tangu hapo, yeyote ninayemfundisha kazi hii naanza naye kwenye chupa.

Hatua ya 1: Amua nani anahesabiwa

Anahesabiwa mtoto ambaye bakteria wameota kutoka mahali ambapo kwa kawaida hapana bakteria: damu, maji ya uti wa mgongo, maji ya kifuani. Kilichoota kutoka puani au kooni kiache, maana watoto wengi wanatembea na nyumokoka puani huku wakicheza mpira.

Kisha weka mpaka. Ni lokesheni zipi zako? Mtoto wa nje ya mpaka anatibiwa kama mwenzake, ila haingii kwenye hesabu ya kiwango. Idadi ya watoto wa chini ya miaka 5 itafute kwenye sensa ya 2019. Kilifi wana bahati: tangu 2000 watafiti wa KEMRI (taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba) na shirika la Wellcome la Uingereza wanahesabu wakazi nyumba kwa nyumba na kuwaunganisha na rekodi za hospitali. Sisi wengine tunajikuna tunapofikia.

Hatua ya 2: Toa damu kwa kila mtoto anayelazwa

Hapa ndipo kazi inapofia. Ukimwachia daktari achague, mgeni atapima wengi, mzoefu wachache, na namba zako zitapanda na kushuka kufuata zamu badala ya ugonjwa. Weka kanuni moja, ishike mwaka mzima. Kama chupa hazitoshi kila mtu, chagua dalili chache zinazoonekana (homa na kupumua kwa shida, degedege, kushindwa kunyonya), zibandike ukutani na usizibadilishe kila mwezi.

Kipimo cha malaria kikiwa chanya, bado toa damu. Mtoto mwenye malaria na upungufu mkubwa wa damu ni mmoja wa wale wanaopatikana na bakteria aitwaye salmonela damuni. Utafiti wa Kilifi wa 2005, ambao karibu kila mtoto aliyelazwa alitolewa damu, ulikuta kwamba katika kila vifo 100 vya watoto hospitalini, 26 vilikuwa vya watoto wenye bakteria damuni.

Damu itoke kabla ya antibayotiki. Wengine watakuja wameshadungwa sindano zahanati. Usiwakatae, andika tu ni dawa gani na saa ngapi. Pangusa ngozi na mfuniko wa chupa kwa spiriti ya asilimia 70, subiri ikauke yenyewe (usipulize!), kisha vuta mililita 1 hadi 3. Sisi hupima chupa kwa mizani kabla na baada: gramu moja na ushei ni mililita moja. Manesi walinicheka mwanzoni. Baadaye tukaona chupa nyingi za usiku zina nusu mililita, na damu kidogo hivyo inaweza kukosa bakteria waliopo.

Hatua ya 3: Usiweke friji

Chupa ya damu na maji ya uti wa mgongo yanayosubiri kuoteshwa hayaingii friji. Nyumokoka, Hib (Haemophilus influenzae aina b) na meningokoka, wote bakteria wa homa ya uti wa mgongo, hufa kwa baridi. Maji ya uti wa mgongo yafike maabara ndani ya saa moja, hata kama ni wewe wa kukimbia nayo mkononi.

Hatua ya 4: Maabara

Tumia aga (rojo lililoganda la kuoteshea bakteria) ya damu ya kondoo, si damu iliyopitwa na wakati kutoka benki ya damu, na aga ya chokoleti (damu iliyopashwa moto hadi ikawa ya kahawia) pembeni, kwa sababu Hib haioti kwenye aga ya damu ya kawaida. Huna mashine ya hewa ukaa? Mtungi wenye kifuniko kinachobana na mshumaa mweupe unatosha: mshumaa ukijizima, hewa iko tayari. Nyumokoka itambue kwa kikaratasi chenye dawa ya optokini: duara lisiloota kitu kukizunguka liwe la milimita 14 au zaidi. Igandishe mapema kwa nyuzi -70, maana ikiachwa kwenye sahani hujimaliza yenyewe.

Bakteria wa ngozi walioingia chupani wakati wa kutoa damu wahesabu pia, peke yao. Wakizidi 3 katika kila chupa 100, rudi hatua ya 2 umwangalie anayepangusa.

Hatua ya 5: Daftari

Umri kwa miezi, kijiji, dawa alizopewa, selimundu, alipona au alifariki. Chanjo iandikwe kwa tarehe kutoka kwenye kijitabu cha kliniki. "Mama anasema alichanjwa" iwe na safu yake. Na chupa ambazo hazikuotesha kitu ziandikwe zote.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Tuseme una wagonjwa 9 wa ndani ya mpaka na watoto 45,000: ni 20 kwa kila watoto 100,000. Chini ya namba hiyo andika chupa zilizotolewa na watoto waliolazwa. Mwaka 2017 madaktari na manesi wa Kenya waligoma kwa miezi. Ukichora mwaka huo bila safu ya waliolazwa, utadhani magonjwa nayo yaligoma.

Meningokoka haingoji ripoti ya mwaka. Katika eneo la watu wasiofika 30,000, wagonjwa 2 wanaoshukiwa ndani ya wiki ni tahadhari, 5 ni mlipuko.

Hatua ya 7: Uliza ni serotaipu (aina ndogo ya bakteria yuleyule) gani

Chanjo ya Hib iliingia Kenya 2001, na Kilifi ugonjwa huo ukashuka kutoka 66 hadi chini ya 8 kwa kila watoto 100,000 ndani ya miaka michache. Nyumokoka ni ngumu zaidi: ina serotaipu zaidi ya 100, na chanjo iliyoanza Kenya 2011 ilikuwa na 10 tu. Kwa hiyo peleka vimelea vyako maabara ya rufaa, kisha gawa mafungu mawili, serotaipu zilizo ndani ya chanjo na zilizo nje. Fungu la nje likipanda miaka miwili mfululizo, wanaochagua chanjo ya taifa wanahitaji kulijua.

Fungu la ndani likikupa mtoto mwenye dozi zote 3, usikimbilie kulaumu chanjo. Thibitisha tarehe kwanza. Wakiwa watatu kutoka zahanati moja, panda pikipiki ukaangalie kipimajoto cha friji yao: chanjo ya nyumokoka ikishaganda imeharibika.