SOMO: Matatizo ya breki kwenye SUV ndogo, na jinsi ya kupima kabla ya kununua pedi

Wakuu, salaam. Malalamiko ya breki kutoka kwa wenye SUV ndogo yanajirudia sana: RAV4, CR-V, X-Trail, CX-5, Tucson, Sportage, Forester na ndugu zao. Magari ni tofauti, kilio ni kimoja. Usukani unatetemeka ukikanyaga breki, pedi za nyuma (vile vipande vinavyobana diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) zinaisha mapema, breki zinapiga kelele, taa nne zinawaka kwa mpigo kwenye dashibodi. Na karibu kila mara dawa inayotolewa ni ileile, "badilisha pedi". Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Ukifunga pedi mpya kwenye kalipa iliyokwama (kalipa ni kile kifaa kinachosukuma pedi zibane diski), zitaliwa vilevile zilivyoliwa za mwanzo. Kabla hujatupa pedi za zamani, ziangalie vizuri. Ugonjwa uko wazi pale.

HATUA YA 1: Lisikilize gari likiwa linatembea

Tafuta mahali pa wazi pasipo na magari, endesha mwendo wa kawaida, kisha ukanyage breki taratibu. Mtetemo ukija kwenye usukani, anzia diski za mbele. Ukija kwenye kiti na sakafuni huku usukani umetulia, anzia nyuma. Kama gari linatetemeka hata usipokanyaga breki, hiyo si kesi ya breki. Kacheki balansi ya matairi na ringi.

Kelele hazifanani. Mlio mwembamba unaoanza au kukoma ukigusa pedali mara nyingi ni kile kibati kidogo cha kwenye pedi, kimewekwa makusudi kiguse diski pedi zikikaribia kuisha. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, simamisha gari, usilazimishe safari. Kelele kali ya ghafla baada ya kupita njia ya kokoto mara nyingi ni jiwe limenasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, na hutoka ukirudi nyuma na kwenda mbele polepole. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua au baada ya kuosha gari, unaopotea ukikanyaga breki mara mbili tatu, ni kutu ya juujuu tu. Huo hauhitaji fundi.

Gari linalovuta upande mmoja wakati wa breki huwachanganya watu. Linavuta upande ambao breki inashika zaidi. Kwa hiyo likivuta kulia, mbovu inaweza kuwa kalipa ya kushoto ambayo haibani. Watu hufungua kulia, wanakuta kila kitu kizima, wanafunga na kubaki na tatizo lao. Lakini likivuta kulia hata hujagusa pedali, basi ya kulia ndiyo imekwama na inabana muda wote.

Ukimaliza kuendesha, egesha, kisha sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ringi moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo pana breki isiyoachia.

HATUA YA 2: Pedali na mafuta ya breki

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Inatakiwa izame kidogo. Isipozama, kagua busta (chombo kinachouongezea nguvu mkanyago wako) na mpira wake wa vakyumu. Pedali ikiwa laini kama sponji, mara nyingi kuna upepo kwenye mfumo. Na ikizama polepole huku umeikanyaga bila kuiachia, na hakuna mahali mafuta yanavuja nje, mtuhumiwa wa kwanza ni sili za ndani ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali).

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani hata kama hujawahi kufungua kifuniko. DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Tofauti hiyo unaikuta kwenye mteremko mrefu, gari limejaa watu na mizigo, mguu uko kwenye breki muda wote. Mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mfumo, pedali inakwenda mpaka chini na gari halisimami. Kwa hiyo teremka na gia ndogo, injini ikusaidie kushika, na ubadilishe mafuta kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, ambao kwa magari mengi ni miaka 2 hadi 3. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 3, 4 wala 5.1, ingawa 5 na 5.1 zinakaribiana kwa jina.

Mafuta yakipungua kwenye kopo, usikimbilie kujaza. Kadiri pedi zinavyoisha, pistoni zinatoka zaidi na mafuta yanazifuata. Ukijaza leo, siku ya kufunga pedi mpya pistoni zikirudishwa ndani yatamwagika juu ya rangi ya bodi, na yanaila. Kagua pedi kwanza, kisha tafuta kama kuna panapovuja.

HATUA YA 3: Fungua gurudumu, soma pedi

Gari liwe sehemu tambarare, kaba magurudumu yanayobaki chini, inua kwa jeki kisha weka stendi. Usifanye kazi gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, lisafishe kwa kitambaa kilicholowa.

SUV nyingi za saizi hii zina kalipa ya pistoni moja. Pistoni iko upande wa ndani, inasukuma pedi ya ndani. Kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuvuta pedi ya nje. Pini zikikauka, kalipa haitelezi, na kazi yote inabaki kwa pedi ya ndani. Sasa chukua pedi mbili za gurudumu hilohilo uziweke pamoja mezani. Ya ndani imebaki kama karatasi na ya nje bado nene? Pini zimekwama, au pistoni hairudi. Pedi imeliwa kwa mshazari, ncha moja nene na nyingine nyembamba? Pini moja imegoma, au pedi imebanwa na kutu kwenye fremu yake. Pedi zote zimeisha sawasawa? Hongera, hizo ni za kubadilisha tu.

Hii ndiyo sababu nasema ukaguzi wa kuchungulia kupitia tundu za ringi hautoshi. Kwa nje unaiona pedi ya nje, ambayo ndiyo inayobaki nene.

Chomoa pini. Nzima inatoka kwa vidole, inang'aa, ina grisi laini. Iliyokwama inatoka kwa kuzungushwa na spana huku inalia, grisi imegeuka kahawia na ngumu, na kampira kake ka vumbi ukikachunguza utakuta kamechanika na maji yamepita. Isugue, badilisha kampira, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira na baada ya muda pini inakwama tena. Magari mengine pini moja ina kimpira kwenye ncha na nyingine haina. Rudisha kila moja kwenye tundu lake.

Halafu fremu. Toa vile vibati vinavyoshika masikio ya pedi, piga brashi ya waya pale chini yake mpaka kutu iishe, virudishe. Pedi inatakiwa iteleze kwa kusukumwa na kidole. Pedi inayoingizwa kwa nyundo haitarudi nyuma ukiachia pedali.

Vipimo: pedi mpya ya mbele kwa kawaida ina takriban mm 10 hadi 12 za kitambaa cha msuguano. Ikifika mm 3, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli. Diski ina unene wa chini uliochapwa juu yake, tafuta maandishi MIN TH. Ipime kwa maikromita sehemu kadhaa kuizunguka.

HATUA YA 4: Habu (kitovu ambapo diski na gurudumu hufungwa), kabla diski mpya haijakaa

Usukani ukitetemeka, utaambiwa diski imepinda kwa moto. Mara nyingi haijapinda. Imekuwa na unene usiolingana, na chanzo ni kutu iliyoachwa kwenye uso wa habu. Ganda dogo la kutu likibaki nyuma ya diski, diski inayumba kiasi ambacho jicho halioni. Kila mzunguko inagusa pedi mahali palepale, na baada ya kilomita elfu kadhaa pale pamelika tofauti na pengine. Ndiyo maana watu wanafunga diski mpya, gari linatulia, kisha baada ya miezi mtetemo unarudi na wanalaumu ubora wa diski.

Piga habu brashi ya waya mpaka chuma kionekane, hasa kuzunguka bolti. Funga diski kwa nati, weka geji ya saa (kipimo cha mshale kinachoonyesha myumbo), zungusha. Myumbo unaoruhusiwa kwa kawaida haufiki hata mm 0.1. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvukana, kwa spana ya toki na kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwa SUV nyingi za saizi hii huwa kati ya Nm 100 na 130. Zilizokazwa kwa bunduki ya upepo bila kipimo zinaweza kuiyumbisha diski uliyoisafishia habu kwa shida yote hiyo.

HATUA YA 5: Kabla ya kuondoa gari

Kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni zimesukumwa ndani, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaenda mtupu. Gari likiondoka kabla ya hapo, halitasimama. Kisha zoesha pedi: kutoka kama 60 km/h punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa, halafu endesha bila breki ili zipoe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante sana kwa darasa, mkuu. Mimi pedi za nyuma ndizo zinaisha kabla ya za mbele, nimezoea kuona kinyume. Fundi anasema nakanyaga handibreki nikiwa naendesha, wakati gari langu handibreki ni ya kitufe.

Jibu: Dada, huna kosa. SUV za sasa kompyuta ndiyo inayogawa nguvu ya breki, na hupeleka nyuma zaidi kuliko magari ya zamani ili pua isizame. Mfumo wa kuzuia kuteleza nao hutumia breki za nyuma, na pedi zenyewe zinatoka kiwandani zikiwa nyembamba kuliko za mbele. Ila linganisha kulia na kushoto. Zikiwa sawa, ndivyo gari lilivyo. Upande mmoja ukiwa umekwisha peke yake, rudi hatua ya 3.

Swali: Na hiyo handibreki ya kitufe, naweza kubana pistoni kwa klempu nikabadilisha pedi mwenyewe?

Jibu: Hapana, usianze na klempu. Pale nyuma kuna mota inayosukuma pistoni kwa skrubu. Ukiilazimisha unavunja gia za ndani. Gari liwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo, kwa mashine ya kusoma kompyuta au kwa utaratibu wa kwenye kitabu, mota irudi yenyewe. Na kwa wenye handibreki ya kebo, pistoni nyingi za nyuma zinarudi kwa kuzungushwa huku zinasukumwa, si kwa kusukumwa tu.

Swali: Kaka, taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga), ya kuteleza na ya 4WD zimewaka pamoja. Breki zinashika vizuri. Nimeambiwa ninunue moduli nzima ya ABS.

Jibu: Usinunue bado. Mifumo yote hiyo inasoma sensa zilezile za magurudumu, kwa hiyo sensa moja ikifa, zote zinalalamika. Soma kodi (namba ya hitilafu) kwenye kompyuta, itakutajia gurudumu. Kagua waya wake pale unapojikunja usukani ukikatwa, na ile ringi ya sensa (duara ambalo sensa inalisoma, si ringi ya tairi) kama ina kutu au ufa. Ufa huo pia ndio huwafanya wengine wasikie pedali inanguruma gari likikaribia kusimama kwenye barabara kavu. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nazo, hapo usiendeshe.

Swali: Gari yangu haitoki P (gia ya kuegesha) asubuhi, na taa za breki za nyuma haziwaki. Ni gia boksi?

Jibu: Anza na swichi ya taa za breki, iko juu ya mkono wa pedali. Gari lisipojua kwamba umekanyaga, halikuruhusu kutoa gia. Kagua na fyuzi yake.

Swali: Mimi linajifunga breki lenyewe barabarani mbele hakuna kitu. Inatisha, mkuu.

Jibu: Hiyo ni breki ya dharura ya kamera na rada, pedi hazihusiki. Hauko peke yako: Februari 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi wa malalamiko kama hayo kwa Honda Accord na CR-V. Safisha kioo mbele ya kamera na eneo la rada. Kama kioo kilibadilishwa au bampa iligongwa, kamera na rada zipimwe upya. Mpaka litengenezwe, acha nafasi ya kutosha na anayekufuata.

Swali: Nina Sportage ya 2015. Nimesikia habari za moto unaoanzia kwenye ABS, ni kweli?

Jibu: Ni kweli, ndugu. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita magari takriban milioni 3.4 nchini Marekani, Tucson na Sportage za miaka fulani zikiwemo. Mafuta ya breki yanaweza kuvuja ndani ya moduli ya ABS yakasababisha shoti, hata injini ikiwa imezimwa. Wamiliki waliambiwa waegeshe nje, mbali na majengo, mpaka gari lirekebishwe. Chukua namba ya chesisi uiulize kwa wakala wa kampuni, ndiyo itakayosema kama gari lako limo. Kabla hujapata jibu, usililaze ndani ya gereji ya nyumba.