Jinsi ya Kutazama Getai Singapore Bila Kumkalia Mzimu

Tuanze na kiti, maana hapo ndipo mgeni huumbuka. Ukifika uwanjani kwenye onyesho la getai utaona safu za viti vyekundu vya plastiki mbele ya jukwaa, na safu ya kwanza haina mtu hata kama huko nyuma watu wamesimama. Usiende kukaa. Hao si wakubwa wanaochelewa. Viti hivyo ni vya marehemu, na pengine utakuta juu yake vijiti vya udi au kitu cha kutafuna. Onyesho lote ni lao, sisi tulio hai tunadandia tu.

Getai, yaani jukwaa la nyimbo, hufanyika mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina. Wanaoamini husema mwezi huo milango ya kuzimu hufunguliwa, na wafu wasio na ndugu wa kuwatunza huzurura na njaa. Basi wanapikiwa, wanachomewa pesa za karatasi, kisha wanatumbuizwa. Mwaka 2026 mwezi huo unaanza 13 Agosti na kuisha 10 Septemba. Kilele ni siku ya 15, yaani 27 Agosti, lakini maonyesho husambaa mwezi mzima, kwa hiyo usijibane na tarehe moja.

Kuyapata si kazi. Yako kwenye viwanja na maegesho ya magari katikati ya majumba ya ghorofa ya serikali: Ang Mo Kio, Toa Payoh, Yishun na kwingineko. Wapenzi wa getai hubandika ratiba Facebook. Usipoiona, shuka kituo chochote cha treni chenye mitaa ya makazi, ufuate mlio wa besi. Kiingilio hakuna. Gharama hubebwa na kamati za mtaa, mahekalu na wafanyabiashara. Njiani angalia chini, kwani pembeni mwa barabara kuna mishumaa, machungwa, vikombe vya chai na majivu. Usivikanyage wala usivipige teke. Pita kando.

Fika mapema, kama saa moja jioni, kwa sababu saa nne na nusu usiku muziki lazima uzimwe. Kibali ndivyo kinavyosema. Chukua kiti safu ya pili au ya tatu, upande ambao bendi inaonekana. Mimi nilipiga kinanda kwenye taarab Tanga kabla sijaingia melini, na macho yangu huenda kwa wapigaji kwanza. Wenzangu wa meli hutazama mavazi, manyoya na mapambo yanayowaka taa, na kweli yanastahili. Ila kazi iko pembeni. Mwimbaji anashuka garini akiwa amekwisha vaa, maana ametoka kuimba jukwaa jingine. Anawaambia bendi wimbo na ufunguo, mpiga ngoma anahesabu, wanaanza kupiga. Mazoezi hakuna. Akimaliza nyimbo tatu nne anarudi garini, anakimbilia mtaa mwingine. Kwetu mwimbaji angesusa! Na mwenzake akikwama kwenye foleni, ni juu ya mshereheshaji kuongea mpaka afike. Hapo ndipo utajua nani ana kipaji.

Mizaha ya mshereheshaji mingi ni ya Kihokkien, mojawapo ya lugha za Kichina, na mingi haifai mbele ya wakwe. Nisikuchoshe na siasa, lakini jambo hili lina uzito wake. Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni ya kuwahimiza Wachina wa Singapore waongee Kimandarini, na lugha nyingine za Kichina zikapungua sana redioni na kwenye televisheni. Getai haikuacha. Ndiyo maana utamwona bibi kizee akiangua kicheko huku mjukuu wake kakodoa macho. Ukitaka kujua kimesemwa nini, muulize mzee aliye karibu nawe. Mwite anko, au anti kama ni mama. Ndivyo wanavyoitana wenyewe. Mara nyingi utapewa tafsiri iliyopunguzwa makali.

Ukikuta meza za duara zenye vyakula, usijikaribishe. Hiyo ni karamu ya wanachama waliochangia. Simama nyuma uangalie mnada, kwani ni onyesho ndani ya onyesho. Huuzwa mapambo, pombe, mananasi, na kitu cha thamani kuliko vyote: mkaa uliopambwa kwa rangi nyekundu na dhahabu, unaoitwa dhahabu nyeusi. Watu hupandishiana hadi maelfu ya dola kwa ajili ya baraka, na kwa kawaida mshindi hulipa mwaka unaofuata, ndipo sherehe ya mwaka huo ipate fedha. Mkono wako uwe mfukoni.

Kumtunza mwimbaji kwa pesa kupo, ila si kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Weka pesa kwenye bahasha nyekundu, umpe mwimbaji ukingoni mwa jukwaa baada ya wimbo. Epuka dola nne au arobaini, kwa kuwa kwa Kichina matamshi ya nne yanafanana na ya kifo.

Wengi huniuliza kuhusu dini. Mimi ni Mwislamu, sishiki udi wala sichomi karatasi, na hakuna aliyenikunjia uso. Kutazama ni kutazama. Chakula nacho usikile madhabahuni. Nenda banda la wauza vyakula lililo karibu, utafute cheti cha halali cha MUIS, yaani Baraza la Kiislamu la Singapore, kwenye kibanda. Maji beba mwenyewe, Agosti ya Singapore ina joto kama la Machi Tanga, na mwavuli usisahau. Muziki ukizimwa una muda wa kutosha kufika kituoni, kwa sababu treni za mwisho hupita karibu na saa sita usiku.