Jinsi ya kuyachunguza maji ya ardhini kabla ya kununua kiwanja Mwanza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia ndugu aliyekuwa akitafuta kiwanja upande wa Luchelele, na unamfaa yeyote anayenunua eneo la bondeni au jirani na Ziwa Victoria. Masuala ya hati na mawe ya mipaka nachukulia kuwa umeshayakamilisha.

Hatua ya kwanza. Kague kiwanja mwezi Mei, masika yanapoishia, kwa kuwa wakati huo maji ya chini yamepanda. Kiwanja cha bondeni kikionekana Agosti humpendeza kila mtu.

Hatua ya pili. Tazama kama kuna matete au mafunjo, mimea ipendayo ardhi yenye maji, kisha uangalie kuta za nyumba za jirani sehemu ya chini: plasta iliyovimba na kubanduka, pamoja na unga mweupe wa chumvi, ni dalili kwamba unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Waulize wapangaji kwa heshima, wala si dalali, kama shimo la choo hujaa wakati wa masika.

Hatua ya tatu. Chimba shimo la majaribio kwa ruhusa ya muuzaji. Mimi siridhiki na kiwanja chochote cha bondeni kabla ya kazi hii. Kina cha mita 2 ndicho cha kuanzia, na ni bora mashimo yawe mawili, moja upande wa chini na jingine pale choo kitakapokaa, kwa sababu chini ya udongo wetu kuna mwamba wa matale (graniti) usiolala sawasawa, na maji hutambaa juu yake yakafuata mabonde ambayo kwa juu hayaonekani. Inua tuta la udongo kuzunguka mdomo wa shimo ili maji ya mvua yasiingie yakakudanganya, kisha ulifunike vizuri kwa ajili ya watoto na mifugo. Usipime siku hiyohiyo, maana udongo wa mfinyanzi huachia maji polepole mno. Pima kesho yake asubuhi na urudie siku inayofuata, hadi kimo cha maji kitulie. Ukigonga mwamba mapema, usiseme kiwanja ni kikavu, kwa kuwa maji yanaweza kutuama juu ya mwamba huo masika yakifika. Mchanga uliolowa huporomoka, kwa hiyo mchimbaji asiachwe peke yake shimoni.

Ikiwa umelazimika kuchimba kiangazi, banja donge kutoka ukutani mwa shimo na ulivunje mkononi. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu ni udongo ambao hukaa majini sehemu ya mwaka, na kina yanapoanzia madoa hayo ndicho ninachokichukua kuwa kimo cha maji wakati wa masika. Kati ya kitako cha shimo la choo na kimo hicho ziachwe angalau mita 2; zikikosekana, panga gharama ya tangi lisilovuja linalonyonywa na gari la majitaka. Kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi, hasa penye mwamba wenye nyufa, ambako uchafu husafiri upesi bila kuchujwa.

Hatua ya nne. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni. Waulize wavuvi maji yalifika wapi Mei 2020, ziwa lilipofikia kimo cha juu sana, kwa sababu ziwa likipanda, maji ya ardhini ya karibu nalo hupanda pia.

Hatua ya tano. Kununua ardhi hakukupi umiliki wa maji yaliyo chini yake. Kabla ya kuchimba kisima kirefu, fika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, hapahapa Mwanza, uulizie vibali, na utumie mchimbaji mwenye leseni baada ya mtaalamu kupima eneo, kwani kwenye mwamba wa matale kisima kimoja hupata maji na cha jirani kikakosa. Penye bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, linalotoa maji kwa uhakika, mimi huchagua bomba.