Njia moja, mageti manne: nani mwenye njia, na nani aitengeneze?

Wanachama, hamjambo. Mwezi huu nimeulizwa na watu watatu swali lilelile: njia ya kuingilia nyumbani tunaitumia sote, imeharibika, nani alipe? Nimekuwa mweka hazina wa njia yetu huku mtaa wa Utawala, Nairobi, kwa miaka sita. Nitaeleza tulivyofanya, pamoja na yale ambayo wakili na mpimaji walitufundisha tukiwa tumeshachelewa.

Kilichotuamsha ni boza la maji. Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha siku nne. Mnaujua udongo wetu mweusi wa huku, ule unaovimba ukinywa maji, na kiangazi ukapasuka nyufa za kuingia mkono. Boza lilikuja limejaa kumpelekea maji jirani wa mwisho. Tairi la nyuma la kushoto likadidimia mpaka kwenye ekseli na kupasua bomba linalolisha nyumba tatu. Maji yaliruka juu ya ukuta wa mabati, watoto wakishangilia. Aliyeagiza maji akasema njia si yake. Mwenye ploti ya kwanza akasema yeye hafiki kule ndani. Dereva naye akasema njia ni mbovu, alipwe muda wake. Siku kumi na moja tulibeba maji kwa mitungi, na mama mmoja mjamzito alikuwa akibeba pamoja nasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha njia ile ni ya nani.

Hatua ya 1: Jua njia yenu ni nini kwenye ramani

Msianze na mchango. Anzeni na ramani, kwa sababu jibu la "nani alipe" hutegemea aina ya njia.

Kuna njia ya umma. Shamba linapogawanywa, mwenye shamba hutoa sehemu iwe barabara, na sehemu hiyo huacha kuwa yake. Hata kama ni nyembamba na ina nyumba tano tu, ni ya umma. Hakuna jirani anayeweza kuifunga kwa geti lake, na mwenye wajibu wa kuitunza ni serikali, kwa kawaida kaunti.

Kuna njia iliyo ndani ya hatimiliki ya mtu mmoja, wengine wakiwa na haki ya kupita tu. Na kuna kipande kinachomilikiwa na wote kwa pamoja, kila mmoja akiwa na fungu lake. Kwenye maghorofa na nyumba zilizosajiliwa chini ya sheria ya umiliki wa nyumba moja moja ya mwaka 2020, njia ya ndani ni mali ya pamoja. Hapo shirika la wenye nyumba ndilo linalotunza na kukusanya michango, kwa hiyo fuateni kanuni zake.

Kujua, fanyeni sachi, yaani uchunguzi wa rekodi rasmi za ardhi, ya kila ploti inayogusa njia. Rekodi za Nairobi ziko kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Kisha tafuteni ramani ya usajili ya eneo lenu kutoka idara ya upimaji; makao yake ni Ruaraka. Sachi itaonyesha mwenye ardhi na kama kuna haki ya njia iliyoandikishwa. Ramani itaonyesha kama kile kipande ni barabara au ni shamba la mtu. Zinahitajika zote mbili. Sisi tulisoma sachi peke yake tukadhani tumemaliza, kumbe ramani ilikuwa na habari nyingine: njia yetu ilikuwa ndani ya ploti ya pili, urefu wote.

Kama mlinunua kwa kampuni ya ardhi na bado mna vyeti vya hisa tu, itisheni ramani ya mgawanyo kutoka kwa kampuni, na mhakikishe njia imechorwa humo kabla hatimiliki hazijatoka. Ikikosekana sasa, kuirudisha baadaye ni kazi ya miaka.

Hatua ya 2: Elewa haki ya kupita inatoka wapi

Iliyo bora ni ile iliyoandikwa na kusajiliwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu mwenye ardhi kumpa jirani haki ya njia, na ikisajiliwa inabaki hata ploti ikiuzwa. Anayenunua anaikuta.

Nyingine hutokana na matumizi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, ukipita kwenye ardhi ya mtu kwa miaka 20 mfululizo, wazi, kwa amani, bila kuomba ruhusa, unaweza kudai haki hiyo. Neno zito hapo ni ruhusa. Kama mzee wa ploti ile alikwambia "pita tu mwanangu", hiyo ni hisani yake, na miaka ya hisani haihesabiki. Ardhi ya serikali nayo haidaiwi kwa njia hii.

Ya tatu ni ya yule aliyefungiwa kabisa, ploti yake haina pa kutokea. Anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba amri ya kupewa njia kupitia kwa jirani, na mahakama inaweza kumwagiza alipe fidia.

Haki ya kupita ni ya kupita. Kuegesha gari usiku kucha, kumwaga mchanga wiki tatu, kuanika mazulia, hayo hayamo. Mwenye ardhi naye hawezi kuipunguza njia kwa kusogeza ukuta nusu mita kila anapojenga upya.

Hatua ya 3: Nani hasa ana wajibu wa kutengeneza?

Hapa watu wengi hushangaa. Mwenye ardhi ambayo njia inapita hana wajibu wa kuitengeneza kwa ajili yenu, isipokuwa aliahidi. Anayefaidika na njia ndiye mwenye ruhusa ya kuingia na kuikarabati, kwa gharama yake, bila kuharibu cha mwenyewe. Hivyo yule jirani wa ploti ya pili tuliyekuwa tukimlaumu hakuwa na kosa lolote. Nilikwenda kwake na kumwomba radhi, na naamini bila ile radhi mkutano wetu usingefanyika.

Hatua ya 4: Gawaneni gharama kwa hesabu iliyo wazi

Chukua njia ya mita 60 yenye nyumba nne, kila baada ya mita 15, na kazi ya shilingi 240,000. Mkigawana sawa, kila nyumba ni 60,000. Wa kwanza atalalamika, na ana haki, kwani anatumia mita 15 tu.

Mkigawana kwa umbali, kila kipande cha 60,000 kinalipwa na wanaokipita. Kipande cha kwanza wote wanne, 15,000 kila mmoja. Cha pili watatu, 20,000. Cha tatu wawili, 30,000. Cha mwisho mmoja peke yake. Jumla: wa kwanza 15,000, wa pili 35,000, wa tatu 65,000, wa mwisho 125,000. Ni haki kwa kalamu, lakini wa mwisho kwetu ni mjane anayeishi kwa kodi ya chumba kimoja.

Tulichofanya ni kugawa nusu ya gharama sawasawa na nusu nyingine kwa umbali. Kwa mfano huu inakuwa 37,500, 47,500, 62,500 na 92,500. Mimi naona ndiyo njia bora, maana wa kwanza naye anafaidika: vumbi linapungua, maji hayatuami getini kwake, na lori la kunyonya choo linafika.

Hatua ya 5: Andikeni mkiwa bado mnasalimiana

Ukurasa mmoja unatosha: upana wa njia, nani alipe kiasi gani, nani aite fundi, na kwamba anayeleta lori la ujenzi hurekebisha alichovunja. Kila mwenye ploti atie sahihi. Sahihi ya mpangaji au keateka haimbani mwenye nyumba. Kumbukeni pia kwamba mkataba huwabana waliotia sahihi, na mnunuzi mpya anaweza kuukataa. Kwa hiyo mpeni wakili aandike haki ya njia na kuisajili, na kila anayeuza amwambie mnunuzi kuhusu mchango.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Anzeni na mtaro, kisha juu. Kwenye udongo mweusi, kumwaga changarawe juu yake ni kutupa pesa, kwani mvua ya kwanza inaimeza. Uchimbwe na kuondolewa, mawe yapangwe na kushindiliwa, halafu changarawe au kabro. Kabla ya hapo, bomba liingizwe ndani ya bomba kubwa zaidi pale magari yanapovuka. Fanyeni kazi Januari au Februari, kabla ya masika.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kahawa West: Mwalimu, jirani yangu ameweka geti mwanzo wa njia na kutupa ufunguo mmoja kwa nyumba tatu. Ni halali?*

Kama ramani inaonyesha ni barabara ya umma, hana ruhusa hiyo. Pelekeni ramani kwa ofisi ya kaunti. Kama ni ardhi yake, geti lenyewe si lazima liwe kosa, mradi kila mwenye haki aingie bila kuzuiwa. Ufunguo mmoja kwa nyumba tatu ni kuzuia. Mwandikieni barua akupeni kila nyumba wa kwake.

*Mwanachama, Kasarani: Nyumba moja ya chini imebomolewa, panajengwa ghorofa la vyumba arobaini. Njia ni mita 6. Tufanye nini?*

Msingoje paa. Soma tangazo la mradi lililobandikwa, uandike pingamizi kwa kaunti ndani ya siku zilizotajwa humo. Njia ikiwa ni ya haki ya kupita, haki iliyotolewa kwa nyumba ya familia moja si lazima ibebe magari arobaini, na hilo mahakama inaweza kulisikiliza. Kama ni barabara ya umma, hoja zenu zielekee upana, maji taka na zimamoto.

*Dada, Ruai: Ukuta wa jirani umeingia njiani. Twende kortini moja kwa moja?*

Hapana, dada. Ugomvi wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaizuia mahakama kuusikiliza kabla mpaka haujathibitishwa. Msajili atafika na mpimaji. Usiguse bikoni, yaani alama ya mpaka, hata kama unaona imesogezwa, maana kuing'oa ni kosa la jinai. Ipige picha pamoja na kitu kisichosogea, kama nguzo ya stima.

*Mwanachama, Kayole: Chifu anaweza kutuamulia?*

Anaweza kuwapatanisha, na Katiba inahimiza migogoro ya ardhi imalizwe kwa maelewano ya wenyeji. Hawezi kubadilisha hatimiliki. Mkielewana mbele yake, andikeni, mtie sahihi.

*Mwanachama, Embakasi: Mmoja wetu amekataa kuchanga kabisa. Tumfungie?*

Msimfungie, mtageuka nyinyi wakosaji. Kama alitia sahihi, wakili anaweza kumdai. Kama hakutia, fanyeni kazi kwa waliokubali na mweke risiti zote kwa tarehe. Kwetu aliyekataa alikaa miezi mitano, kisha akaja nyumbani jioni moja na 37,500 kwenye bahasha. Nilimwandikia risiti palepale mlangoni.