Jinsi ya kusikiliza trio za jazi za Uholanzi bila kupotea njiani

Watu wengi wakisikia neno jazi wanakimbia, eti kelele za watu ambao kila mmoja anapiga lake. Mi pia nilikuwa hukohuko, kumbe tatizo nilianzia pabaya. Sasa njia yangu ni hii: mfuate mpiga besi mmoja tu, Tony Overwater, maana huyu jamaa na besi yake kubwa ya kusimama amepiga kwenye trio (yaani bendi za watu watatu) mbili tofauti za Kiholanzi, na zote mbili zinachanganya jazi na muziki mwingine.

Anza na wimbo unaoujua. Yuri Honing Trio ni Honing kwenye saksafoni, Overwater besi na Joost Lijbaart dramu, basi, hakuna piano wala gitaa. Mwaka 1996 walitoa Star Tracks, humo wamebeba nyimbo za pop za watu wengine, bendi ya ABBA ya Sweden imo, wakazivua mapambo yote zikabaki mifupa. Tafuta kwanza wimbo wa asili, ule wa ABBA kwa mfano, usikilize mpaka uweze kuuimba bafuni, ndo uje kwa hawa. Usiruke hii hatua jamani! Wanakuonjesha kiitikio kidogo halafu wanakificha, wewe unaendelea kukiimba kichwani huku saksafoni imeshahama mtaa, na utamu wote uko hapo.

Ukipotea (utapotea tu), achana na saksafoni, hamia kwenye besi. Kwa kuwa hakuna piano ya kushikilia wimbo, besi ndo inakwambia mko wapi. Ila usitumie spika ya simu, ile inameza sauti zote za chini halafu unakuja kulalamika hausikii kitu, vaa hedifoni.

Hatua inayofuata ndo naipenda zaidi. Trio hiyohiyo baadaye ilipiga na wanamuziki wa Kiarabu, na muziki wa Kiarabu unaenda kwa maqamu, yaani mipangilio yao ya ngazi za sauti, ambapo kuna sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya piano, yaani kwenye piano ya kawaida hazipo kabisa. Saksafoni inaweza kuzipinda kwa midomo, besi unaweka kidole popote unapotaka, kwa hiyo kule kukosa piano kumbe ni faida. Kama umekua na taarab masikioni hutashtuka, mwenzako ndo atadhani wametoka nje ya tyuni.

Ukizoea, nenda Rembrandt Frerichs Trio. Besi ni yuleyule Overwater, ila humu utamkuta pia anapiga violone, babu wa besi ya leo. Frerichs anapiga fortepiano, piano ya muundo wa enzi za Mozart, na Vinsent Planjer ana seti ya dramu aliyojiundia anaiita Whisper Kit. Fortepiano sauti yake nyepesi na inakufa haraka, haijazi chumba kama piano ya kisasa, so inaacha nafasi. Nafasi hiyo ndo alikuja kuikalia Kayhan Kalhor wa Iran na kamanche yake, kile kifidla kinachosimamishwa wima, kwenye albamu It's Still Autumn ya 2019. Hii usiisikilize ukiwa unaosha vyombo, imetulia mno, maji yataifunika. Kaa chini, usihesabu biti, fuata tu kamanche inavyouliza na fortepiano inavyojibu, halafu rudia kwa kumsikiliza Overwater peke yake.

Na ukibahatika kufika Amsterdam, ukumbi wa kwenda ni Bimhuis, upo tangu 1974 na tangu 2005 uko kando ya IJ, yale maji yanayopita mjini hapo. Kwenye jazi mtu akimaliza solo yake watu wanapiga makofi katikati ya wimbo, ni kawaida, usione aibu. Ila muziki ukiwa wa kunong'ona kama ule na Kalhor, we tulia kwanza mpaka uzi wa mwisho unyamaze.