Namna ya Kupunguza Dawa za Wasiwasi kwa Mtu Mwenye Maumivu ya Mishipa ya Fahamu

Mtu ambaye amemeza diazepamu (wengi wanaijua kwa jina la Valium), klonazepamu au lorazepamu kila siku kwa zaidi ya wiki chache hapaswi kuacha ghafla, hata akijihisi amepona kabisa. Dawa hizi huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza mishipa ya fahamu, na ubongo ukishauzoea msaada huo hupunguza uwezo wake wenyewe wa kujituliza. Dawa ikikatwa kwa siku moja, usingizi hupotea, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na baadhi ya watu hupata degedege au kuchanganyikiwa kunakoweza kuhatarisha maisha. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito kuhusu hatari hiyo liwekwe katika maelezo ya dawa zote za kundi hili.

Mgonjwa ambaye pia ana maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa mfano kutokana na kisukari, anakabiliwa na mtego mwingine. Kupunguza dawa ya wasiwasi kwa haraka kunaweza kuleta ganzi, vichomi, ngozi kuwaka moto na misuli kurukaruka, yaani dalili zinazofanana sana na zile alizokwisha kuzizoea. Akidhani kwamba ugonjwa wa mishipa umezidi, huongeza dawa ya maumivu, wakati kilichohitajika ni kupunguza mwendo wa kuacha.

Kwa hiyo, kabla ya kupunguza hata nusu kidonge, mwone daktari ukiwa na pakiti zote za dawa unazotumia, zikiwemo za kifua kikuu, kifafa na uzazi wa mpango. Nasisitiza za kifua kikuu kwa sababu ni nyingi katika nchi zetu na mara nyingi hutolewa kwenye kliniki tofauti. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini livunje diazepamu kwa kasi kubwa zaidi, hivyo mtu anaweza kupata dalili za mwili kukosa dawa uliyoizoea, hali ambayo mitaani huitwa arosto, ilhali hajaruka dozi hata moja. Isoniazidi nayo huweza kuharibu mishipa ya fahamu mgonjwa asipopewa vitamini B6, na metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12. Visababishi hivi hutibika, na ni vyema vichunguzwe mapema.

Mkishakubaliana, anzeni na dawa moja tu. Dawa ya maumivu ibaki kwenye dozi ileile wakati ya wasiwasi inashuka, la sivyo hakuna atakayejua dalili mpya imetoka wapi. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2025 unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa mtu anayemeza miligramu 10 za diazepamu kwa siku, hatua ya kwanza ni miligramu 9, nayo hupatikana kwa kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 2. Hatua inayofuata ni miligramu 8, yaani vidonge vinne vya 2. Ukifika chini ya miligramu 5, punguzo la miligramu 1 linakuwa kubwa mno kwa kulinganisha na dozi iliyobaki, kwa hiyo muulize daktari kuhusu vipande vidogo zaidi au vipindi virefu zaidi. Dalili zikizidi, baki pale ulipo mpaka zitulie, na usiione hatua hiyo kuwa ni kushindwa. Nunua dawa za hatua nzima mapema, hasa kabla ya safari, kwa kuwa duka la dawa likiishiwa, mpango wote huvurugika.

Andika katika daftari tarehe, dozi, saa ulizolala na mahali panapouma. Maumivu ya mishipa yanayotokana na kisukari kwa kawaida huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda polepole. Yanayoletwa na kupunguza dawa mara nyingi hutangatanga, leo usoni, kesho mikononi, yakiambatana na jasho, kutetemeka na kuudhiwa na kelele au mwanga, na huanza siku chache baada ya dozi kushushwa. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kuzuia mkojo haviwekwi katika fungu hili kamwe. Hivyo ni vya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Pregabalini inahitaji uangalifu wa aina yake, kwa kuwa hutibu maumivu ya mishipa na, barani Ulaya, imeidhinishwa pia kwa wasiwasi. Kuikata ghafla huleta kichefuchefu, jasho, kukosa usingizi, maumivu na wakati mwingine degedege. Maelezo ya dawa yanataka ipunguzwe kwa muda usiopungua wiki 1, na aliyeitumia kwa muda mrefu huhitaji zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe dozi yake na daktari, kwa sababu dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo. Amitriptilini, dawa nyingine ya maumivu ya mishipa, pia hupunguzwa hatua kwa hatua.

Ninachokihofia zaidi ni tramadoli, dawa kali ya maumivu, ya kununuliwa bila cheti pale maumivu yanapochachamaa usiku. Ikichanganywa na diazepamu au pregabalini huweza kuzuia pumzi, na yenyewe huongeza uwezekano wa degedege, jambo ambalo mtu anayepunguza dawa za wasiwasi analikaribia tayari. Pombe nayo iepukwe kabisa.

Wanaoishi nawe wafahamishwe kwamba ukipata degedege wakulaze ubavu, wasikutie kitu chochote mdomoni, na wakupeleke hospitali. Waende nawe pia ukianza kuona au kusikia yasiyokuwepo, au ukipata mawazo ya kujiua. Ikiwa umekwisha kuacha ghafla, usijirudishie mwenyewe dozi ya zamani, kwani mwili unaweza kuwa umeshaipunguzia uzoefu. Nenda hospitali leo, na umtajie daktari jina la dawa, dozi na siku uliyomeza kidonge cha mwisho.